Naomba "usitutie majaribuni" kila usiku, na bado naanguka

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33, mke na watoto wawili. Nilianza kubeti mwaka 2021 kwa shilingi mia tano mia tano, mechi za Ulaya. Sasa ni mikeka, yaani tiketi za kubeti, ya kila siku na mchezo wa kindege wa kwenye simu, na mshahara ukiingia haumalizi siku nne. Nina mkopo wa benki, nina mkopo wa simu wa Songesha, na nina deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ambalo mke wangu halijui. Mbaya zaidi, mimi ndiye mtunza hazina wa kwaya yetu usharikani, na nimeshachukua humo 640,000 nikitegemea kurudisha. Kila usiku napiga magoti na kurudia 'usitutie majaribuni' hata mara ishirini. Nimefunga siku tatu kavu. Nimekwenda kwenye maombezi nikawekewa mikono, nikaanguka, nikaambiwa pepo la kamari limetoka. Nilikaa wiki mbili safi, kisha nikarudi. Sasa mtumishi ananiambia limerudi na wenzake saba, natakiwa nitoe sadaka ya ukombozi ya laki tatu. Je, kweli ni pepo? Maombi yangu yana kasoro gani? Na kwa nini tumwombe Mungu asitutie majaribuni, kwani yeye ndiye anayetutia? Mke wangu alilelewa Katoliki, yeye husema 'usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni'. Wakati mwingine nawaza afadhali nisiwepo."

Amen, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza na sentensi yako ya mwisho. Umeiweka pale mwishoni kwa maneno machache, kama mtu anayetaka isikike na wakati huohuo isisikike. Nimeisikia. Kama wazo hilo limeshaanza kuwa na namna na siku, yaani umeshafikiria utafanyaje, usimalize kusoma jibu hili. Mwamshe mkeo, au mpigie ndugu unayemwamini, mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia, kisha mwende pamoja hospitali usiku huuhuu. Usiende peke yako na usibaki peke yako. Watu waliozama katika madeni ya kamari huwa karibu na hatari hiyo kuliko watu wengine, na sababu yake si uchache wa imani. Wanabeba siri na hesabu kwa pamoja, usiku, bila mtu wa kuwapokea mzigo. Deni lako linalipika. Nitalirudia hilo hapo mbele kwa tarakimu, lakini nilitaka ulisikie mapema.

Sasa maswali yako. Ni matatu, ila naona yote yametoka katika hofu moja: kwamba Mungu amekusikia akakataa, au kwamba ndani yako kuna kitu ambacho sala haikiwezi. Siamini kwamba ni hili wala lile. Naamini unaomba sala iliyo sahihi kabisa, ila umeigeuza ikawa sala ya mtu mmoja, tena unaiomba saa ambayo umeshaingia.

Tuanze na neno "usitutie", maana limewasumbua watu wengi kabla yako. Kiswahili kimetupa neno zito hapa. Mama hutia chumvi kwenye mboga, askari humtia mtu ndani. Anayetia ndiye mwenye mkono. Basi mtu akiisikia sala hii bila maelezo, picha inayomjia ni ya Mungu aliyekushika mkono na kukupeleka mbele ya skrini ya simu. Yakobo aliiona picha hiyo akaikataa waziwazi: "Mtu ajaribiwapo, asiseme, Ninajaribiwa na Mungu, maana Mungu hawezi kujaribiwa na maovu, wala yeye mwenyewe hamjaribu mtu." Hiyo ni sura ya kwanza, mstari wa 13.

Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "majaribu" ni peirasmos, nalo lina pande mbili. Ni mtihani unaoonyesha mtu alivyo, na ni kishawishi kinachomvuta aanguke. Wewe ni mwalimu, unaujua mtihani unaotungwa ili mtoto apande darasa, na unamjua pia mtu anayepenyeza majibu ya uongo ili mtoto afeli. Chumba ni kimoja, nia ni mbili. Ndiyo maana Mathayo anasema Roho alimpandisha Yesu nyikani, lakini aliyemshawishi kule alikuwa Ibilisi. Baadhi ya wataalamu wa Biblia wanaona pia kwamba nyuma ya Kigiriki hicho kuna namna ya kusema ya Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, ambayo maana yake inakaribia "usituache tukaingia". Ili kuiepuka ile picha ya Mungu anayetutia, Wakatoliki wa Ufaransa walibadilisha maneno ya ibada mwezi Desemba 2017, na wa Italia wakafuata mwaka 2020. Sisi wa Kiswahili tumebaki na "usitutie", nami sina shida nalo, mradi lielezwe.

Na lilielezwa zamani. Kama ulipitia kipaimara katika kanisa letu la Kilutheri, uliikariri Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ile ya "Maana yake nini?" Kwa ombi hili jibu lake ni kwamba Mungu hamjaribu mtu yeyote, tunachoomba ni atulinde, ili Shetani, ulimwengu na miili yetu wenyewe visitudanganye na kutuingiza katika imani potofu, kukata tamaa, na aibu nyingine kubwa. Wengi tuliimeza sentensi hiyo bila kuitafuna. Ona kwamba kukata tamaa kumo ndani ya orodha. Ile sauti inayokuambia afadhali usiwepo imehesabiwa kuwa jaribu, sawa na ile inayokuambia uweke mkeka. Ukimwomba Mungu akulinde na ya pili, unamwomba wakati uleule akulinde na ya kwanza. Usiichukue sauti hiyo kuwa hukumu ya Mungu juu yako.

Maneno ya mkeo nayo yana kitu. Kuokoa ni neno pana, twalitumia kwa kila aina ya msaada. Kuopoa ni neno la majini. Kamba ya kisima ikikatika, ndoo huopolewa. Mtu akizama ziwani, wapiga mbizi humwopoa. Na anayekwenda kuopoa, kabla hajaingia majini, huuliza swali moja kwa watu walio ufukweni: amezamia wapi? Asipopata jibu anazunguka tu. Mwalimu, wewe umezama na hakuna mtu aliye ufukweni anayejua ni wapi. Mkeo halijui deni la kausha damu. Mwenyekiti wa kwaya haijui hiyo 640,000. Hata mtumishi aliyekuwekea mikono, nina hakika hukumtajia fedha za kwaya. Mungu anajua, ndiyo. Lakini katika Injili na Nyaraka, mkono anaoutumia Mungu kumtoa mtu majini mara nyingi ni mkono wa mtu mwingine, na mikono hiyo yote umeificha isijue pa kukushika.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Wewe unafundisha sarufi, basi itazame sala yenyewe: utupe, utusamehe, usitutie, utuokoe. Kila ombi la mahitaji yetu limebeba kile kiambishi kidogo "tu". Hakuna "unipe", hakuna "usinitie". Hata inapoanza ni Baba yetu. Sasa jifikirie saa sita usiku, mkeo amelala, umepiga magoti sebuleni ukirudia "usitutie" mara ishirini. Hiyo "tu" ni akina nani? Umemwomba Mungu kwa niaba ya watu ambao umehakikisha hawajui chochote. Sisemi Mungu hakusikii ukiwa peke yako. Yesu mwenyewe aliomba peke yake mlimani. Ila jambo lenyewe linakula kwa siri na linanenepa kwa siri. Sala inayofanyika ndani ya siri hiyo, bila kuitoboa, huishia kuwa sehemu ya mzunguko: unabeti, unatubu usiku, unajisikia umesafishwa, unaanza tena kesho. Yakobo, huyohuyo aliyemtetea Mungu, ndiye anayesema katika sura ya tano tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, tupate kuponywa. Ameviweka pamoja kuungama, kuombeana na kupona, na wewe umejaribu kupona bila viwili vya kwanza.

Nikueleze sasa kinachotokea kichwani, kwa sababu unajiona mwovu wa peke yako, na si hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka ulevi wa kamari pamoja na maradhi ya uraibu. Ubongo wa mwanadamu hujifunza haraka sana kutokana na zawadi isiyotabirika. Kama mkeka ungetiki, yaani ungeshinda, kila mara, ungeuzoea. Kama usingetiki kamwe, ungeuacha. Unatiki mara moja, unachanika mara saba, na mara tatu unachanika kwa timu moja tu. Hizo za "timu moja tu" ndizo sumu. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na humfanya mtu atake kuendelea ingawa amepoteza. Kindege ni kikali zaidi kuliko mechi, kwa sababu mechi ina dakika tisini za kungoja, na kindege kinapaa na kutoweka kabla hujapata muda wa kuwaza. Na mkopo uko kwenye simu ileile. Zamani mlevi wa kamari alilazimika kutoka nyumbani na kutembea, akipita mbele ya watu wanaomjua. Wewe hata kitandani hutoki.

Tena ubongo huo haujifunzi mchezo peke yake, hujifunza na mazingira yake: meseji ya mshahara, kiti fulani, saa fulani, kimya cha nyumba watoto wakilala. Ndiyo maana nina shaka na zile wiki mbili safi. Angalia tarehe. Nadhani ulikwenda maombezini fedha zimekwisha, na ukarudi kubeti mshahara ulipoingia. Kama ni hivyo, hakuna pepo aliyezunguka jangwani akarudi. Kilichorudi ni mwisho wa mwezi.

Je, haya yanafuta dhambi? Hapana, wala wewe hutaki yafutwe. Fedha za kwaya ulizichukua kwa mkono wako. Lakini tazama jinsi Yakobo anavyoeleza mwendo wenyewe katika mstari wa 14 na 15. Mtu huvutwa na tamaa yake, tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Ametumia lugha ya mimba, na mimba ina muda wake. Katika Katekisimu Kubwa, ya mwaka huohuo 1529, Luther anatenganisha kulisikia jaribu na kulikubali: kulisikia hakuna anayeepuka, na hakumdhuru mtu maadamu hataki. Basi ukipata hamu ya kubeti saa tatu usiku, hujaanguka bado. Wengi hufikiri wameshaanguka kwa kuipata hiyo hamu tu, wakasema "potelea mbali", wakamalizia.

Hapo ndipo kasoro ya maombi yako ilipo, kama unataka niitaje. Ni ya saa. Kule Gethsemane Bwana aliwaambia wanafunzi, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni." Aliwaambia kabla. Petro alilala, na saa chache baadaye alikuwa amesimama akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, katikati ya watu ambao mbele yao hakuwa na nguvu. Majuto yake yalikuwa ya kweli, alilia kwa uchungu, lakini yalikuja jogoo ameshawika. Wewe unaomba jogoo akishawika. Unaomba saa sita, wakati mkeka uliuweka saa tatu. Sala ya "usitutie" ni sala ya njiani, ya mtu ambaye bado hajafika penye njia panda.

Kuna sala nyingine hukuiandika, lakini nimeisikia kwa watu wengi niliokaa nao, nami nakuuliza kwa upole kama nawe umeisali: "Bwana, nishindie huu mmoja tu nilipe deni, halafu naacha kabisa." Ukiitazama vizuri ni ile ya kinara cha hekalu. Ibilisi alimwambia Yesu ajitupe chini malaika wamdake, na Yesu akajibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Mtu anayefukuzia hasara kwa mkeka mwingine huku akiomba, amejitupa na anangoja malaika. Kama uliisali, iache. Mwambie Mungu tu kwamba uliisali.

Nije kwenye pepo na laki tatu. Mimi ni mchungaji na naamini Yesu alitoa pepo, na naamini anaweza leo. Simdharau mtu anayewekea watu mikono, na sisemi ulichokisikia siku ile kilikuwa maigizo. Lakini sikubali kila tabia inayorudia iitwe pepo, kwa sababu neno hilo linakupokonya vitu viwili kwa mpigo: wajibu wako na tumaini lako. Ukiwa na pepo, huna la kufanya ila kumngoja mtaalamu wa mapepo. Ile habari ya pepo saba imo katika Mathayo 12, nawe uisome mwenyewe usiku huu. Pepo anarudi, anaiona nyumba "tupu, imefagiwa na kupambwa". Tatizo la nyumba ile ni kwamba hakuna aliyehamia. Hakuna mstari unaosema mwenye nyumba alitakiwa alipie ufagizi wa pili.

Kuhusu fedha nitasema bila kuzungusha: usitoe. Naamani alipoponywa ukoma alimletea Elisha fedha na dhahabu na mavazi, Elisha akaapa hapokei kitu. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyekimbia nyuma ya gari kuzifuata, na ukoma ukamrukia yeye. Simoni Mchawi alipotaka kununua karama, Petro alimwambia fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye. Mtu mwenye deni la kausha damu akiambiwa atoe laki tatu ili awe huru, ataipata wapi? Atakopa, au ataweka mkeka mmoja mkubwa. Nawaheshimu watu wanaokwenda kutafuta msaada, maana mizigo yao ni ya kweli. Februari 1, 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye shida kama za kwako na zangu. Ninapowakumbuka ndipo ninapoona uzito wa kumwambia mtu aliyezama kwamba msaada una bei.

Sasa la kufanya. Mkeo kwanza. Naziona njia tatu mbele yako, na kila moja ina gharama. Unaweza kulipa kimyakimya kwanza ndipo umwambie. Inaonekana ya upole, lakini sijaona ikifanikiwa, kwa sababu kulipa kimyakimya maana yake ni kushika fedha kimyakimya. Unaweza kumwambia leo mkiwa wawili. Ndiyo njia ya moja kwa moja, kama hakuna hatari ya ugomvi wa kupigana na kama wewe mwenyewe hauko katika yale mawazo ya kutokuwepo. Au unaweza kumwambia mbele ya mchungaji wako, au mzee wa kanisa mnayemheshimu wote wawili. Kwa hali yako ningeichagua hii ya tatu, lakini ndani ya siku tatu, isiwe "tutapanga". Na ukisema, sema yote siku moja: benki, Songesha, kausha damu, kwaya. Andika kwenye karatasi, jina la deni, kiasi, tarehe. Ukimwambia nusu leo na nusu nyingine akaigundua mwenyewe mwezi ujao, utakuwa umemjeruhi mara mbili, na mara ya pili huuma zaidi. Sikuahidi kwamba atakupokea kwa utulivu. Anaweza kulia, anaweza kwenda kwao wiki mbili. Ana haki hiyo.

Kwaya ni ya pili. Mwone mchungaji wako na mwenyekiti kabla ya hesabu kukaguliwa, ukabidhi kitabu na funguo, uombe mpango wa marejesho kwa maandishi. Kwa 80,000 kwa mwezi ni miezi minane. Usikope ili kuziba pengo hilo. Pengo lililozibwa kwa kausha damu ni mapengo mawili. Inawezekana utawekwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa muda, inawezekana hutaimba mwaka huu, na wengine watasema maneno. Inawezekana pia uongozi ukaona ni suala la kisheria, siwezi kukuficha hilo. Bado nakushauri uende kwa miguu yako. Anayejileta na anayekamatwa hawapokelewi sawa.

Simu ni ya tatu. Watu hudhani kununua simu ndogo ya kitochi kunatosha, lakini hata kitochi kinabeti kwa menyu ya nyota na reli. Kilicho muhimu ni laini na fedha. Waandikie wenye michezo unayocheza uwaombe wakufungie akaunti moja kwa moja, isiwe kwa wiki moja. Kadi ya benki na namba ya siri akae nazo mkeo akikubali, au kaka yako, wewe upewe ya matumizi. Kama huyo wa kausha damu ndiye aliyeshikilia kadi yako, jua kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni. Nenda naye kwenye mazungumzo ukiwa na mtu, na ikibidi ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji ihusike. Utajisikia kama mtoto kutoshika kadi yako. Ni kwa muda, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya "na mlango wa kutokea". Wakati mwingine mlango wenyewe ni kadi iliyoko kwenye pochi ya mkeo.

Hospitali nimeitaja mwanzoni kwa ajili ya usalama wako, lakini ninaitaja tena kwa ajili ya tiba. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina huduma ya afya ya akili. Muhimbili ipo Dar es Salaam, na Dodoma ipo Mirembe. Tiba iliyoonyesha matokeo mazuri zaidi kwa kamari ni ya mazungumzo, ambapo mnachambua na mtaalamu saa zako za hatari na zile imani za "mechi hii lazima", wiki baada ya wiki. Watapima pia kama una sonona, maana kinachosikika kwenye sentensi yako ya mwisho chaweza kuwa ugonjwa unaotibika. Nenda ndani ya wiki hii hata kama mawazo yale yametulia. Nenda haraka zaidi kama umeacha kulala, kama umeanza kunywa pombe ili upate usingizi, au kama unasikia sauti. Na ukipewa dawa, mtu yeyote asikuambie uziache kwa jina la imani. Kumwona daktari na kuomba havigombani; Luka aliyetuandikia Injili, Paulo alimwita tabibu mpendwa.

Umebaki usiku wenyewe. Acha kurudia mara ishirini. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akawajia kila dakika. Ukirudia "majaribu, majaribu" macho yakiwa kwenye jambo lilelile, unaliita. Omba mara moja, mapema, saa kumi na mbili jioni kabla giza halijakuletea hamu, na uombe kwa sauti ukiwa na mkeo na watoto, sala nzima kuanzia Baba yetu. Yeye aseme kwa maneno ya kwao na wewe kwa ya kwenu. Mkifika kwenye "tu", mjue mko wangapi. Ukimaliza, simu ilale chumba kingine, na saa tatu hiyo, iliyokuwa ya mkeka, iwe na kazi: daftari za wanafunzi, matembezi na jirani, au mazoezi ya nyimbo hata kama kwaya imekusimamisha. Hamu ikija, mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa kama hukuipa fedha. Ukianguka, mwambie mkeo kesho yake asubuhi, kabla ya chai, hata ikiwa ni shilingi mia tano.

Siku tatu za kwanza za mshahara ujao ndizo zitakazokuwa ngumu kuliko zote. Mpange mapema nani atakaa na kadi na nani atakupigia kila jioni saa tatu. Zikipita, niandikie tena, na uniambie ulimwambia nani kwanza.